Kijito Kilichohama kwa Papa Germain

Mama Émérence aliiba kijito cha jirani yake mchana kweupe, kwa jembe aliloliazima kwa huyo huyo jirani, na kabla ya kuondoka nalo alipewa hata nasaha za jinsi ya kulishika asipate malengelenge. Pale mlimani, nyuma ya mji wa Kalemie, hakuna anayebisha hilo tena. Kinachobishaniwa ni kama alijua anachokifanya. Alijua. Alijua nusu, na ile nusu nyingine ilikuja kumfundisha yenyewe, ikiwa imejaa matope.

Alizaliwa Moba, binti wa fundi wa nyavu, na utundu alikuwa nao tangu ana meno ya utoto. Katika shule ya masista palikuwa na kasuku wa kijivu aliyefugwa kwenye tundu karibu na dirisha la darasa. Kila adhuhuri sista alifunga masomo kwa kusema "Nendeni kwa amani," na watoto wakatoka mbio kama mbuzi waliofunguliwa. Émérence alimlisha yule kasuku karanga na maneno, karanga na maneno, muhula mzima, mpaka asubuhi moja, katikati ya hesabu, ndege akakohoa kikohozi cha sista na kusema, "Nendeni kwa amani." Darasa zima likasimama likaenda kwa amani. Émérence alifagia kanisa kwa kosa hilo hadi Kwaresima, lakini waliokuwepo wanasema sista mwenyewe alionekana nyuma ya jiko amevua miwani, anafuta machozi ya kicheko.

Alipoolewa na Ruphin, aliyeendesha kreni bandarini, alikuja Kalemie kwa boti na godoro, sufuria na tabia ile ile. Ruphin alikuwa mtu wa maneno machache, mpenzi wa radio. Walifaana: mmoja alisema kwa ajili ya wote wawili, mwingine alisikiliza kwa ajili ya wote wawili. Walijenga chini, karibu na ufuko, wakazaa, wakalea, watoto wakatawanyika Lubumbashi na Kongolo, na Mama Émérence akawa muuza ndakala, wale dagaa wa ziwani, ambaye wateja walimfuata kwa maneno yake kuliko kwa samaki wake.

Kisha ziwa likapanda. Halikuja kwa vishindo. Liliingia uani kama mgeni mwenye haya, likakaa, likaona halifukuzwi, likaingia sebuleni. Mama Émérence alilia alipoona ukuta wa chumba cha watoto unalainika kama biskuti kwenye chai. Alilia sana. Lakini kesho yake aliona samaki mdogo anapita chini ya kitanda, akamnasa kwa chandarua, akampeleka sokoni na kumtangaza kwa sauti: "Samaki wa chumbani! Amelala pazuri, hajaumwa na mbu!" Alinunuliwa kabla ya wengine wote. Baada ya hapo walifunga mizigo wakapanda mlimani, kama walivyopanda wengi mwaka ule.

Parsele, yaani kiwanja, waliyoipata ilikuwa kwenye mteremko, katika kibonde kikavu. Mvua ikinyesha, maji mekundu yaliteremka katikati yake kwa kelele, na mvua ikikatika yakakatika nayo, yakaacha mfereji uliochimbika. Watu wa mlimani huita mifereji ya namna hiyo erozyo, na wanaiogopa kuliko nyoka, maana nyoka hali nyumba. Ule wa Mama Émérence ulikuwa mdogo na mpole. Mwisho wake wa chini, karibu na njia ya watu, palikuwa na tuta la udongo mgumu, lenye mawe na mizizi ya mti uliokatwa zamani, na tuta hilo liliuzuia kama kizingiti kinavyozuia maji ya uani yasiingie ndani.

Maji ya kunywa na ya kumwagilia yalikuwa upande wa pili. Kati ya kibonde chake na cha jirani palikuwa na mgongo mwembamba wa ardhi, uliochongoka kama mgongo wa mbuzi mzee, na nyuma yake kilipita kijito kiitwacho Kalolo. Kalolo hakikukauka mwaka mzima. Kilitoka kwenye chemchemi huko juu, kikapita taratibu kwa Papa Germain, kikajaza bwawa lake la samaki, kikanywesha kabichi zake, kisha kikazunguka mbali sana, kama mtu anayekwepa kufika msibani, kabla ya kuteremka ziwani.

Papa Germain alikuwa mashinisti mstaafu wa reli. Miaka na miaka aliendesha treni kati ya Kalemie na Kabalo, na kofia yake ya kazi alikuwa bado anaivaa, hata anapopalilia. Hakuwa mtu mbaya. Hakumnyima mtu ndoo ya maji hata siku moja. Ila ndoo yake ilikuwa na hotuba. Ungechota, ungejitwisha, ungegeuka kuondoka, naye angekuuliza:

"Unasema asante kwa nani?"

"Asante, Papa Germain."

"Alor, enda vizuri. Na ukumbuke, maji njo ya wale waliotangulia kufika."

Kando ya kijito alisimamisha ubao, ameandika kwa rangi nyeupe: MUTO YA GERMAIN. Mama Émérence aliupita ubao ule kila asubuhi na kila jioni, kichwani ana ndoo, na kila alipoupita kitu fulani kilimwasha kwenye nyayo.

Siku moja alimwambia, nusu kwa mzaha, "Papa Germain, hii maji isingeweza kupita kidogo na kwetu?"

Papa Germain alicheka mpaka kofia ikamtoka. "Mama, hii muto inapita hapa tangu Mungu anaumba mulima. Mulima na muto ni kama reli na treni. Haibadilishe njia!"

Basi, hapo ndipo Aristote anapoingia.

Aristote alikuwa kijana msomi, msaidizi katika chuo, aliyepanga chumba cha nje kwa Mama Émérence. Alisomea mawe na mito. Mchana alikuwa akizunguka mto Lukuga na vilima vyake na nyundo na kipimo, jioni alikuwa akirudi na viatu vyekundu na njaa ya watu wawili. Alikuwa kijana mwema mwenye udhaifu mmoja: ukimuuliza swali, anakujibu lote.

Jioni hiyo Mama Émérence alimwekea bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya mhogo, na samaki wa kuhe aliyekaangwa vizuri, akamuuliza bila hila yoyote, maana hila ilikuwa bado haijazaliwa: "Mwanangu, kila siku unaenda kuangalia milima. Mulima unafanya nini mpaka uangaliwe kila siku?"

"Unaliwa, Mama," alisema Aristote.

"Unaliwa na nani?"

"Na mito." Akaichonga bukari kwa mkono wake mpaka ikasimama kama kilima, akamwagia mchuzi kileleni. "Tazama. Zamani sana, dunia ilipasuka hapa kwetu kama mkate. Katikati kukazama, pembeni kukabaki juu. Pale palipozama njo hili bonde la ziwa. Pembeni njo hii milima yetu, na ile ya Tanzania ng'ambo. Sasa mito ya juu ikaona shimo mbele yake. Muto ukiona shimo mbele yake, unapata njaa. Unaanza kula."

"Unakula kutoka juu."

"Hapana, Mama! Watu wote wanafikiri hivyo." Aristote alifurahi kama mtu aliyewekewa mpira mbele ya goli tupu. Akachomoa kipande cha bukari chini kabisa ya kilima, na mchuzi uliokuwa umetulia ukatiririka kwenye pengo lile, na ukingo wa pengo ukaanza kubomoka kidogo kidogo kuelekea juu. "Muto unakula kutoka chini, unarudi nyuma, unapanda. Ukiushusha mdomo wake, njaa inapanda mpaka kwenye kichwa. Mulima ni kitu gani? Ni kile ambacho mito bado haijamaliza."

Ruphin alipunguza sauti ya radio. Hilo lilikuwa jambo adimu.

Aristote aliendelea. Alieleza kwamba ziwa zima, pamoja na mito yote inayoingia, lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni Lukuga, hapo hapo Kalemie. Lukuga imejipenyeza katikati ya milima mpaka mto Lualaba. Mara mchanga na majani huziba mlango wake, ziwa likapanda. Mara maji husukuma na kubomoa, ziwa likashuka. Mama Émérence alifikiria kitanda chake na samaki chini yake, akaguna. Kisha Aristote, mdomo umejaa, akasema neno ambalo baadaye angetamani angelimeza pamoja na bukari.

"Tena mito inaibiana."

Mama Émérence akaacha kutafuna. "Inaibiana?"

"Kabisa. Mito miwili, huku na huku ya mgongo mmoja wa mulima. Mmoja uko chini zaidi, unateremka moja kwa moja. Mwingine uko juu, unazunguka-zunguka. Ule wa chini unakula mgongo, unakula, unakula, siku moja unatoboa. Maji ya mwenzake yote yanaangukia kwake. Ule mwingine unabaki bonde kavu. Dunia nzima imejaa mito iliyoibiwa namna hiyo."

"Na polisi hawasemi kitu?"

"Inachukua maelfu na maelfu ya miaka, Mama. Polisi watakuwa wamestaafu."

"Kwenye mawe."

"Kwenye mawe, ndiyo."

"Na kwenye udongo mwekundu huu wetu, ambao hata kuku anauchimba?"

Aristote alitafakari kwa uaminifu wa kisomi. "Ee, kwenye udongo kama huu, mgongo ukiwa mwembamba, na mtu akiushusha mdomo... na mvua zetu hizi..." Akainua mabega. "Inaweza kuwa haraka sana. Juu ya nini unauliza?"

"Napenda kujifunza," alisema Mama Émérence, akamwongezea samaki wa pili.

Kesho yake alikuwa kwa Papa Germain. Alisema anataka kuchimba udongo wa matofali kwenye parsele yake, na hana jembe la maana. Papa Germain alimletea lake, lenye pengo upande mmoja wa makali, akamwonyesha namna ya kusimama, namna ya kuinama, namna ya kuacha uzito wa jembe ufanye kazi. "Chimba upendavyo," alisema kwa ukarimu. "Udongo ni yako."

"Asante, Papa Germain," alisema Mama Émérence kabla hajaulizwa.

Alichimba lile tuta la chini. Alichimba kwa matofali, na matofali kweli yalitokea, tena mazuri. Tuta likashuka hadi gotini, likashuka zaidi, mizizi ikang'olewa, mawe yakasogezwa pembeni, mpaka mdomo wa erozyo ukawa wazi kama kinywa cha mtoto anayesubiri uji. Wapita njia walimsalimia na kumpa pole ya kazi. Papa Germain alimsalimia kutoka kwenye ule mgongo wa juu, mikono kiunoni, akamwambia anashika jembe vizuri. Ruphin peke yake ndiye aliyesimama siku moja na kumtazama kwa muda.

"Émé, unatafuta nini humo?"

"Subira," alisema mkewe.

Mvua zilianza. Mfereji uliokuwa mpole ukaamka na njaa, kama alivyosema Aristote. Kila mvua ilipokatika, kichwa chake kilikuwa kimepanda kidogo, kimekula shina la mhogo, kimekula kichaka, kimeujongelea ule mgongo wa mbuzi mzee. Mama Émérence alikunywa chai yake mlangoni akiutazama kama mtu anayetazama nguruwe wake wa Noeli akinenepa.

Mvua kubwa ya Desemba ilipiga saa za alasiri. Kalolo kilijaa, kikapanda kingo zake, kikalamba ule mgongo uliobaki kama ukuta wa karatasi, na mgongo ukaenda. Hapakuwa na kishindo kikubwa. Palikuwa na sauti kama ya mtu anayeketi kwenye kiti kibovu. Kisha maji yakateremka kwa Mama Émérence, mengi, mazuri, ya baridi, na mvua ilipoisha hayakukatika. Yalizidi tu kuwa meupe.

Alicheza. Hakuna neno jingine. Alicheza uani na kitenge kimelowa, na Ruphin alitoka na radio akapandisha sauti ili asicheze kimya.

Asubuhi alipanda juu ya mgongo uliobomoka kuangalia kazi yake, na pale aliona kitu ambacho hakuwa amekifikiria. Bwawa la Papa Germain lilikuwa linakauka. Mzee alikuwa ndani yake, matope hadi magotini, anafukuza samaki waliokuwa wakirukaruka kwenye maji ya kiganja. Hakuwa na chombo. Aliwatia mmoja mmoja kwenye kofia yake ya reli, kofia ikijaa anaipeleka kwenye beseni dogo nyumbani, anarudi, na kila akirudi wengine walikuwa wameacha kuruka.

Mama Émérence alikiacha kicheko chake pale juu. Alishuka mbio, akachukua beseni lake kubwa la ndakala, akaingia kwenye matope na nguo yake. Waliokota samaki mpaka jua likawaka. Walipomaliza, Papa Germain alimtazama, uso umejaa tope, macho mekundu.

"Mama Émérence," alisema, "sikujua. Nilifikiri wewe ni muntu wa mchezo tu. Kumbe wewe njo jirani."

Alirudi nyumbani na neno lile limemkaa kama mwiba wa samaki. Alimweleza Ruphin. Ruphin alisema, "Mm," na siku hiyo radio haikuwashwa.

Hata hivyo, dhamira ni kitu kimoja na mchicha ni kitu kingine. Maji yalikuwa yamefika, hayakuweza kurudishwa kwa kujuta. Mama Émérence alilima mchicha wa lenga-lenga na vitunguu kando ya kijito chake kipya, akampelekea Papa Germain fungu kila wiki, fungu kubwa kupita kiasi, na mzee akazidi kumsifia kanisani mpaka Mama Émérence akawa anakaa kwenye benchi la nyuma asisikie.

Kosa lake, kama ni la hesabu, lilikuwa hili: alipomsikiliza Aristote alisikia habari za maji, hakusikia habari za mlima. Mto unaokula lazima uteme mahali fulani. Kalolo sasa kilikuwa kinaanguka kutoka juu kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kikichimba pale kilipoangukia, kikirudi nyuma kuelekea kwa Papa Germain, na kila kilichomezwa huko juu kilikuwa kinashuka.

Kilishuka Februari. Mama Émérence alikuwa jikoni, jiko la nje la mabati, anakoroga bukari, mvua inapiga. Alisikia Ruphin akiita, "Émé!" Ruphin hakuwa mtu wa kuita. Alitoka na mwiko mkononi, na nyuma yake matope mekundu yakaingia jikoni kwa mlango mmoja na kutokea kwa mwingine, yakabeba sufuria, makaa, bukari yenyewe, mlango, kisha jiko. Yalifika kwenye ukuta wa nyumba yakasimama chini ya dirisha, yakipumua mapovu. Bustani haikuonekana. Matofali aliyokuwa ameyapanga kwa fahari hayakuonekana. Pale palipokuwa na ua palikuwa na uwanja mwekundu, umetandazwa kama kipepeo cha kupepea moto, na juu yake, wima kabisa kama mtu aliyesafiri vizuri, ulisimama ubao: MUTO YA GERMAIN.

Ruphin alimshika mkewe mkono, naye aliuacha ushikwe.

Shefu wa kartie, mkuu wa mtaa ule, alikuja siku iliyofuata. Alikuwa Mama Agnès, mwanamke mfupi, aliyesifika kwa kutopenda kuketi wakati wa kesi kwa sababu watu wakiketi wanarefusha. Papa Germain alikuja pia, maana huko juu choo chake kilikuwa sasa kinaning'inia hewani nusu. Aristote aliitwa kama mtaalamu.

Aristote alifurahi mno. Aliongoza msafara juu na chini ya erozyo, akionyesha kwa kidole. "Hapa mnaona mgongo uliotobolewa! Hapa njo maporomoko! Ni mfano mzuri ajabu, nitaleta wanafunzi. Sasa tutafute sababu. Kwa kawaida sababu iko chini, kwenye mdomo." Akateremka hadi kwenye njia ya watu, akainama, akasugua kingo za udongo mgumu kwa kidole gumba. "Ndiyo! Tazameni. Hapa palikuwa na kizingiti. Mtu amekishusha. Alama za jembe hizi, wazi kabisa. Mtu alijua vizuri sana anachofanya, maana ameshusha mahali pale pale ambapo..."

Akageuka taratibu akamtazama Mama Émérence. Mama Émérence alikuwa anatazama ziwa, kana kwamba hakuwahi kuliona.

"Kuhe," alisema Aristote kwa sauti ndogo. "Samaki wawili."

"Samaki gani?" aliuliza Mama Agnès.

Papa Germain alikuwa ameinama karibu na udongo. Kila alama ya jembe ilikuwa na mchirizi ulioinuka upande mmoja, pale ambapo makali yalikuwa na pengo. Aliigusa moja, akaigusa nyingine. "Hii jembe naijua," alisema. "Hii ni jembe yangu."

"Uliniazima mwenyewe, Papa," alisema Mama Émérence. Sauti yake haikuwa na mchezo. "Nilishusha mdomo makusudi. Nilitaka muto. Sikutaka samaki wafe, na sikutaka mulima. Lakini muto nilitaka."

Papa Germain alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba samaki walikuwa bado humo. Mabega yake yalianza kutikisika, na Mama Émérence alifikiri mzee analia, akapiga hatua moja kwake. Alikuwa anacheka. Alicheka kwa hasira kwanza, kisha kwa kucheka tu.

"Nilimufundisha kushika!" alisema. "Mama Shefu, nilimusimamia pale juu, nikamufundisha namna ya kushika jembe!"

Kicheko hakikumzuia kudai. Alitaka kijito chake kirudi. Aristote alisema hakitarudi: kimeshapata njia fupi, na mto ukishajua njia fupi hauisahau. Alitaka basi udongo wake urudi. Mama Agnès alitazama ua uliofunikwa, akatazama mlima uliopungua, akatoa hukumu akiwa amesimama.

"Maji ni ya mahali yalipo. Udongo ni wa mahali ulipotoka. Mama Émérence, muto ni yako. Papa Germain, hii uwanja yote ni mulima yako, iko tu mahali pengine. Utalima juu yake. Na nyinyi wawili mutazuia hii erozyo pamoja, kabla haijashusha kartie yangu yote ziwani. Nimemaliza."

Walifanya kazi mpaka Pasaka. Aristote, ambaye sasa alijibu maswali kwa uangalifu wa mtu anayevuka daraja bovu, aliwaonyesha: inueni mdomo tena, jengeni ngazi za mawe na magunia ya mchanga, maji yashuke hatua kwa hatua badala ya kuanguka, pandeni majani yenye mizizi mirefu na mianzi kingoni. Watu wa chini walioharibiwa njia walikuja na mawe na matusi, wakaacha vyote viwili. Ruphin alipanga ngazi kwa jicho la mtu wa kreni, bila neno, na hakuna hata moja iliyoyumba. Choo cha Papa Germain kilihamishwa. Njaa ya Kalolo ikatulia, kikaanza kushuka kwa sauti ya kunong'ona.

Ule udongo uliokuja ukaonekana kuwa na rutuba ambayo mlimani haijapata kuonekana. Papa Germain alipanda kabichi zilizofikia ukubwa wa kichwa cha ng'ombe. Alizipanda chini ya dirisha la chumba cha kulala cha Mama Émérence, maana matope yalisimama hapo na hapo ndipo mlima wake ulipoishia. Na kila alfajiri, kabla jogoo hajakohoa, alifika kulima akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza kupita injini. Sauti yake ilikwenda popote isipokuwa kwenye noti.

"Papa Germain!" Mama Émérence aliita siku ya kwanza, kichwa dirishani, kitambaa upande. "Jua haijatoka!"

"Niko kwa mulima yangu, Mama!" alijibu mzee kwa furaha kubwa, akaanza ubeti wa pili.

Ruphin ndiye aliyempelekea chai. Aliona uimbaji ule una kitu, akasema hivyo, na ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote za mwaka ule. Siku nyingine walikaa wawili juu ya magunia, wakinywa, mmoja akiongea habari za treni za zamani na mwingine akisikiliza, na Mama Émérence akawa anawatazama dirishani akijaribu kuendelea kukasirika.

Jumapili moja, Aristote akila, Mama Émérence alisogeza kiti chake karibu.

"Mwanangu, nyumba ya Papa Germain huko juu. Iko karibu sana na kingo, siyo?"

Aristote aliweka tonge chini. "Mama, mimi sijui kitu."

"Nauliza tu. Nafikiri ni vizuri ahamie huku chini, karibu na shamba lake, kabla haijashuka yenyewe. Uani kuna nafasi. Asingelazimika kutembea."

"Angeimba usiku pia."

"Hilo nimeliwaza," alisema Mama Émérence, akamkatia kabichi. "Lakini Ruphin amemzoea."